Nani Anangoja?

Watu wakizungumza habari ya kandarasi, yaani kazi ya kukubaliana kwa bei na muda, kwa kawaida huanza na bei. Huuliza kampuni kubwa inatoa kiasi gani, na kampuni ndogo inatoa kiasi gani. Wengine huuliza habari ya heshima, maana yako majina ambayo mtu akiyataja barazani kwamba amepewa kazi nayo, hata kahawa hununuliwa. Mimi nimeshika randa na msumeno tangu mwaka 1974, na kazi nyingi nilizofanya zilikuwa za mkataba, za wakubwa na za wadogo. Swali ninaloliona kuwa la kwanza ni jingine kabisa. Tangu siku ya kumaliza kazi hadi siku ya kulipwa, nani anangoja? Na katika kungoja huko, anakula fedha ya nani?

Nilipoanza kusoma habari za zamani, baada ya macho kuanza kunisumbua karakanani na kunipa nafasi ya kukaa, niliona kwamba swali hili si langu peke yangu. Pwani yetu hii imelijibu kwa njia mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na majibu mengine yamebaki katika maneno tunayoyasema kila siku bila kuyafikiri. Tazama neno kibarua. Ni barua ndogo tu. Kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili aonyeshe kuwa amefanya kazi na anastahili ujira. Halafu likaja neno kipande, nalo ni kipande cha karatasi vile vile. Maneno yote mawili yalianza kuwa jina la karatasi, na la kwanza likahamia kwa mtu mwenyewe. Leo tunasema "huyu ni kibarua", na karatasi imesahauliwa.

Tuanze na Bagamoyo wakati wa misafara. Mzungu aliyetaka kwenda bara alikuja na jina kubwa nyuma yake. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, nyuma yake lilikuwapo gazeti la New York Herald na fedha zake. Wengine walitumwa na vyama vya jiografia, wengine na mfalme wa Ubelgiji, wengine na serikali zao. Hao ndio walikuwa makampuni makubwa ya wakati ule. Mbele yake alihitaji mamia ya wapagazi, kila mmoja wa kubeba mzigo wa kiasi cha frasila 2, na alihitaji vitambaa, shanga na waya wa shaba, maana bara hakuna aliyepokea noti ya benki.

Fedha ya mwenye msafara ilikuwa mbali. Ilikuwa London, au Berlin, au New York, nayo ilikuja kwa hawala na kwa meli. Mpagazi hakuwa tayari kungoja meli. Wale waliojiandikisha Unguja walizoea ujira wa reale 5 kwa mwezi, na kabla hawajanyanyua mzigo walidai arbuni ya miezi kadhaa, ili waiachie nyumba au wanywe, shauri lao. Vitabu vya wasafiri vimejaa malalamiko juu ya wapagazi waliopokea arbuni kisha wakatoroka, na malalamiko hayo yamesomwa sana kuwa ni ushahidi wa tabia mbaya ya watu. Mimi nayasoma vingine. Mtu anayekwenda safari ya mwaka mmoja au miwili, katika njia yenye ndui na vita, kwa mwajiri ambaye huenda akafia Ugogo, angekuwa mpumbavu kama angekubali kulipwa mwisho. Arbuni ilikuwa ndiyo njia yake ya kukataa kuwa mwenye kungoja.

Basi kama mkubwa hawezi kulipa leo, na mdogo hakubali kesho, lazima awepo mtu wa katikati. Huko Bagamoyo mtu huyo mashuhuri alikuwa Sewa Haji Paroo. Aliwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi, akapokea hati zao, akangoja. Watu humkumbuka kwa ukarimu wake, na kweli alistahili. Alitoa nyumba iwe shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa mataifa yote wasome, na hospitali ya zamani ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake ilitokana na fedha alizozitoa. Alifariki mwaka 1897. Lakini biashara yake hasa, nikiitazama kwa jicho la fundi, haikuwa nguo wala shanga. Aliuza subira. Alikuwa na uwezo wa kungoja miezi ambayo mwingine asingeweza kuingoja, na kwa uwezo huo alipata faida.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Ilifika Ziwa Viktoria mwezi wa Desemba 1901, na gharama yake, iliyokisiwa kuwa pauni milioni 3, ilipita milioni 5. Watu zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba ya miaka mitatu, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hii ilikuwa kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana huku, na mwajiri alikuwa mkubwa kuliko wote, maana ilikuwa serikali ya Uingereza yenyewe kupitia kamati iliyokaa London.

Kuna kisa kimoja katika kitabu cha mhandisi Patterson, yule wa simba wa Tsavo, ambacho wasomaji wengi hukipita haraka ili wawafikie simba. Patterson alifika Tsavo mwaka 1898 kujenga daraja, akahitaji waashi wa mawe. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi na mtu wa kazi ya kawaida rupia 12. Kwa hiyo watu wengi ambao hawakuwahi kushika patasi ya mawe walijiita waashi. Patterson alipogundua, aliacha mshahara wa mwezi akaweka malipo kwa kipimo cha kazi, kiasi ambacho mwashi hodari angeweza kupata rupia zake 45 bila shida. Waashi wa uongo walikasirika hata wakala njama ya kumuua huko machimboni, asipone ila kwa kupewa habari mapema na kwa ujasiri wake. Hivyo ndivyo anavyosimulia yeye.

Sina ugomvi na mhandisi kwa kutaka waashi wa kweli. Ila ningependa kusoma simulizi ya mwashi hodari mmoja wa Tsavo, na hakuna. Maana mshahara wa mwezi ukigeuzwa kuwa malipo ya kipimo, jambo jingine linageuka kimya kimya. Mvua ikinyesha, au mawe yakichelewa, au simba akimchukua mwenzenu usiku na asubuhi hakuna anayetoka hemani, siku hiyo ni ya nani? Chini ya mshahara wa mwezi ilikuwa siku ya serikali. Chini ya kipimo ni siku ya mwashi. Kila aliyewahi kuchukua kandarasi ya "kwa kipande" anaijua hesabu hii, hata kama bei yenyewe ni nzuri.

Reli hiyo ndiyo iliyomtajirisha A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi. Aliwapatia watu wa reli chakula, akachukua kandarasi za kuchimba, za kupasua miamba na za kujenga. Baadaye akajenga sehemu kubwa ya mji mchanga wa Nairobi, akaanzisha gazeti, na mwaka 1910 akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Alifariki mwaka 1936. Kandarasi za namna ile haziwezi kuchukuliwa na mtu mwenye ghala moja. Kulisha maelfu ya watu kwanza, ndipo uandike hesabu, ndipo hesabu ikaguliwe, ndipo ulipwe, kunahitaji mtaji wa kuweka mezani bila kutikisika. Ndiyo maana mkubwa hupenda kufanya kazi na mkubwa. Hupendana, ndiyo, lakini pia wanaweza kungojana.

Njia ile ile ya reli ilikuwa na mtu wa aina nyingine, Allidina Visram. Alifika Bagamoyo kijana mdogo, akajifunza kazi kwa Sewa Haji, kisha akafungua maduka yake, na reli ilipokwenda mbele maduka yake yalikwenda nayo mpaka Kisumu na Uganda. Huyu aliwakopesha wadogo. Wenye vijiduka vya vijijini walichukua bidhaa kwake, wakauza, wakarudi kulipa kwa pembe, kwa ngozi au kwa pamba. Mwenye duka dogo alikuwa hana karatasi ya maana. Alikuwa na uso wake na jina la baba yake. Mtandao mzima ulisimama juu ya mtu mmoja aliyewajua wote. Alipofariki mwaka 1916, kampuni yake haikudumu miaka mingi. Nani angekwenda duka kwa duka kukumbusha madeni ambayo mengine yalikuwa yameandikwa katika kumbukumbu ya marehemu tu? Hapo ndipo panapoonekana udhaifu wa biashara ya uso kwa uso. Ikiondoka roho moja, deni nalo hufa, au huwa kesi.

Sasa nifike kwenye mkonge, maana hapa sisomi tu, nimezaliwa ndani yake.

Marehemu baba yangu alitoka Buha mwaka 1949. Alikuja Tanga kwa mkataba, kwa treni, kupitia SILABU, ile ofisi ya kuandikisha wafanyakazi ambayo wenye mashamba ya mkonge waliiunda mwaka 1944. Watu wa namna yake waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Yeye mwenyewe hakulichukia jina hilo kama sisi watoto tulivyolichukia. Alisema namba ilimsaidia, kwa kuwa makarani walishindwa kulitamka jina lake, lakini namba hawakuikosea.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande. Kadi ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na mtu alitakiwa kuzimaliza katika muda wa siku 42. Siku ya kazi ilikuwa ni kazi maalumu iliyomalizwa. Mkataji alikata majani, akayafunga mafungu ya majani 30, akafikisha idadi aliyopangiwa. Asipofikisha, kadi haikutiwa alama. Kadi ilipojaa ndipo alipolipwa. Baba alikuwa na msemo kwamba mwezi wa Mungu una siku 30 na mwezi wa mkonge una siku 42. Homa ikikushika mara mbili, kadi inakaa wazi. Na wewe unakula. Unakula posho ya shamba, na kinachopungua unakopa dukani, na mwenye duka anajua siku ya malipo kuliko unavyoijua wewe.

Lakini alisisitiza jambo moja, nami namwandikia kama alivyolisema. Katika shamba lile kubwa, ambalo sitalitaja, hakuwahi kupunjwa hata senti moja. Kadi ikijaa, fedha ilikuwapo mezani, na karani alihesabu mara mbili. Kampuni ilimngojesha, lakini haikumdhulumu. Alikuwa na lalamiko moja tu, nalo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumlalamikia. Aliyetia alama kwenye kadi hakuweka kanuni. Aliyeweka kanuni hakuwa Tanga.

Mkataba ulipokwisha hakupanda treni kurudi. Alikwenda kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba dogo upande wa Muheza. Huyu alimwita kwa jina. Alilipa kila Jumamosi, nusu nusu, na mama alipojifungua kaka yangu, Mgiriki alileta blanketi. Ilikuwa mwaka 1951, vita vya Korea vilikuwa vimepandisha bei ya mkonge hadi kileleni, na hata mwenye shamba dogo alikuwa anacheka. Bei ikaporomoka. Kufikia mwaka 1953 tani moja ilikuwa haifikii hata nusu ya ilivyokuwa wakati wa neema. Mashamba makubwa yalikuwa na akiba na mabenki, yakaendelea kujaza kadi na kulipa. Mgiriki hakuwa na akiba. Baba alifanya kazi miezi mitano bila mshahara. Mwenye shamba alikuja jioni, akakaa kwenye gogo pamoja na watu wake, akawaambia kwamba hana. Aliwapa eneo walime mahindi na mihogo. Baadhi yao waliondoka wakimlaani. Mwishowe alipouza shamba, aliwalipa sehemu kwa fedha na sehemu kwa vitu vya karakana. Baba alipata randa mbili, msumeno, bisibisi na jiliwa la chuma, vitu ambavyo hakujua hata namna ya kuvishika. Alijifunza. Nami nilijifunza kwake.

Sijawahi kumpata mtu wa kunihakikishia kama baba alipata faida au hasara. Kwa hesabu ya karatasi ni hasara. Zile zana hazikufikia mishahara ya miezi mitano. Kwa hesabu ya maisha, tumekula kwa randa zile zaidi ya miaka sitini. Lakini wenzake waliopewa mabati na mapipa nao wanayo hesabu yao, na ndugu zao ndio wangepaswa kuiandika.

Mashamba makubwa mengi yalitaifishwa mwaka 1967, mkonge ukashuka mwaka hata mwaka, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaanza mpango wa kuwakatia wakulima wadogo maeneo ndani ya mashamba yale yale, wapande wenyewe na kupeleka majani kwenye kiwanda cha kampuni. Watoto wa manamba wakawa makandarasi wa majani. Hilo linastahili makala yake.

Mimi nilianza na kazi za majirani, vitanda na makabati. Kazi yangu ya kwanza ya mkubwa ilikuwa ya shirika moja la umma mwaka 1986, milango 120 na fremu zake za mvule, kwa nyumba za wafanyakazi. Walinipa hati ya kununulia, ile tuliyoizoea kuita LPO, yenye nembo na saini tatu. Nikisema kwamba ile karatasi ilikuwa na nguvu, sisemi kwa mzaha. Nilimwonyesha muuza mbao wa Lushoto, akanipa mbao kwa mkopo. Nilimwonyesha muuza vyuma barabara ya nane, akanipa bawaba na vitasa. Wote wawili hawakuniamini mimi. Waliiamini ile nembo. Hapo niliwaelewa watu wa Bagamoyo na hawala zao. Ahadi ya mkubwa inaweza kutembea mkono kwa mkono, na kila anayeishika anakubali kungoja kidogo pamoja nawe. Ahadi ya mdogo haitoki nje ya mlango wake.

Nilimaliza milango mwezi wa Agosti 1986. Nililipwa mwezi wa Oktoba 1987. Katikati nilikwenda masijala mara zisizohesabika. Mhasibu hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha chai, akanionyesha faili langu, akanionyesha kwamba saini mbili zipo na ya tatu iko Dar es Salaam. Siku hundi ilipotoka ilikuwa ya kiasi kamili, hadi senti. Tatizo ni kwamba senti zenyewe hazikuwa zile. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa kiasi cha shilingi 17. Mwisho wa mwaka ule ilipita 50, na mwisho wa mwaka 1987 ilipita 80. Bawaba, gundi na misumeno vilikuwa vitu vya kutoka nje. Kwa fedha ya milango 120 nisingeweza kutengeneza hata milango 70. Nilikuwa na vijana watatu waliotaka mshahara kila Jumamosi, na Jumamosi hazikuwa na saini ya tatu. Niliuza mashine ya kuranda niliyoinunua kwa shida, nikarudi kwenye randa ya mkono. Mke wangu aliuza pete.

Miaka hiyo hiyo nilikuwa na mteja mdogo, mwoka mikate, aliyetaka rafu na meza za kiwandani kwake. Bei yake ilikuwa ndogo, na hatukuandikiana kitu. Kila Jumamosi jioni alinitumia mtoto na noti chache ndani ya karatasi ya mkate, pamoja na mikate miwili. Hakuwahi kuikosa Jumamosi. Na zile Jumamosi za shirika, mara nyingi vijana wangu walilipwa kwa fedha ya mikate. Kwa maneno mengine, mwoka mikate wa Ngamiani alikuwa analikopesha shirika la umma, naye hajui.

Nisije nikaonekana nawasifu wadogo kupita kiasi. Mwaka 1991 nilimtengenezea mtu mmoja muuza vipuri kaunta mbili za mninga, kazi safi kabisa, pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Aliniomba wiki mbili. Wiki ya pili nilikuta kufuli mlangoni, na duka ndani ni tupu, kaunta zimekwenda. Wengine walisema Mombasa, wengine walisema Dubai. Hapakuwa na faili, hapakuwa na mhasibu wa kunikaribisha chai. Miezi 14 ya shirika ilinitafuna, lakini nilijua mahali deni langu linapolala. La muuza vipuri sikujua.

Hata hivyo faili nalo si kinga ya milele. Miaka ya 1990 Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilipoanza kuyauza na kuyafunga mashirika, baadhi ya mafundi wenzangu wa Tanga walikuwa bado wanayadai. Walijipanga foleni na LPO zao za nembo, foleni ambayo mabenki yalikuwa yametangulia mbele. Rafiki yangu fundi rangi aliitia LPO yake katika fremu ya kioo, akaitundika sebuleni. Ilikuwa karatasi nzuri.

Nimesoma kwamba Waingereza walitunga sheria mwaka 1998 ya kumruhusu mwenye biashara kutoza riba juu ya deni linalocheleweshwa, na mwanzoni haki hiyo walipewa wadogo tu dhidi ya wakubwa. Nilifurahi kwamba bunge kubwa hivyo limekaa kulijadili jambo la fundi kungoja. Kisha nikajiuliza, fundi gani atamtoza riba mkubwa ambaye anategemea kupewa kazi naye tena mwaka ujao? Sheria inampa mdogo rungu, lakini haimpi mteja mwingine. Huku kwetu sheria ya mwaka 1997 ilileta bodi ya kuwasajili makandarasi, na madaraja saba, kutoka la kwanza kwa wakubwa hadi la saba kwa wadogo. Hayo ni madaraja ya ukubwa wa kazi unayoruhusiwa kuchukua. Daraja la muda unaoweza kungoja hukutani nalo kwenye cheti, ingawa ndilo linaloamua nani atakuwa bado yupo baada ya miaka mitano.

Sababu ya kuyaandika haya sasa ni mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye ana karakana ya kuchomelea vyuma na vijana sita. Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lilipoanza kujengwa kuja Chongoleani, kilomita 1,443, Tanga imejaa makampuni, na makampuni ya makampuni. Mwaka 2023 mojawapo ya hayo ya mwisho lilimletea kazi ya ngazi na vizuizi vya vyuma. Bei ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuisikia. Malipo siku 90 baada ya kupokelewa ankara. Alikuja kwangu jioni, akaniamkia, akaweka karatasi mezani.

"Mjomba, hii ndiyo itakayonitoa."

"Marahaba, mwanangu. Siku 90 zina Jumamosi ngapi?"

Alihesabu kwa vidole. Kumi na mbili, pengine kumi na tatu. Nikamwambia aandike mishahara ya vijana sita mara kumi na tatu, aongeze vyuma, vijiti vya kuchomelea na umeme, kisha anionyeshe hiyo fedha iko wapi leo. Hakuwa nayo. Nilimwambia hiyo ndiyo bei halisi ya kazi hii, na kwamba ataitoa yeye kabla hajapewa yake. Alinuna kidogo. Alidhani ninamkataza.

Sikumkataza, wala sikuwa na haki hiyo. Kazi ya mkubwa inamfundisha mtu vipimo na kuandika, inampa jina la kuonyesha kwingine, na kijana wa miaka 31 hawezi kuishi kwa grili za madirisha ya majirani peke yake. Nilimtaka arudi kwao na maneno mawili. La kwanza, wanunue vyuma wenyewe, yeye atoe ufundi tu. La pili, walipe kwa mafungu matatu kadiri kazi inavyopokelewa. Alikwenda akiogopa kwamba wataichukua karatasi yao. Hawakuichukua. La vyuma walilikubali, maana wao wanavipata kwa bei nafuu kuliko yeye; la mafungu walilikataa, kwa sababu, walisema, mfumo wao wa malipo hauruhusu. Mpwa wangu akachukua nusu ya kazi, si yote, na wateja wake wa grili, wale wanaotoa arbuni kabla hajawasha mashine, hakuwaacha. Vijana wanne wanafanya ya mkubwa, wawili wanafanya ya wadogo, na Jumamosi wote sita wanakula katika sahani moja.

Ankara ya kwanza ameipeleka. Alitaka kuiacha kwa mlinzi getini kwa sababu jua lilikuwa kali na karani alikuwa ametoka kula. Nilimwambia angoje. Karani akarudi, akagonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala iko kwenye sanduku la bati nyumbani kwa dada.